Zimwi Lenye Speli 16 na Raundi Tatu za Kuishi

Msomaji ananiandikia hivi: "Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi, nakaa Ng'ong'ona. Huu ni mwezi wa pili naendesha Dungeons & Dragons na wenzangu wanne, ule mchezo wa mezani wa hadithi na dadu: wao wanacheza mashujaa, mimi gemu masta nasimulia na kuwaendesha maadui, yaani mazimwi. Majambazi na mbwa mwitu nawamudu. Shida ni zimwi lenye speli, zile nguvu za kichawi. Orodha ndefu, sloti za kuhesabu (kila speli kubwa inakula sloti moja, na zina kikomo), kila jina nikalitafute kwenye simu, na wenzangu wanaanza kuchati. Nifanyeje? Na nikizipunguza hizo speli, si nitakuwa nadanganya?"

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na swali lako la mwisho, maana ukilielewa hilo la kwanza linakuwa jepesi. Hudanganyi. Unafanya kazi ambayo kitabu kilikuachia bila kukuambia.

Mchukue mchawi wa kawaida wa toleo la tano la mchezo, yule wa kitabu cha mazimwi cha 2014 anayeitwa Mage. Ana pointi 40 za uhai, zikiisha ameanguka. Ana speli 16 na sloti 14. Sasa tupige hesabu. Wachezaji wako wanne wakiwa wamepanda mpaka daraja la 5, mpiganaji peke yake anashambulia mara mbili kwa zamu, na pigo likiingia ni pointi 8 au 9. Weka mshale wa mwenzake, weka na speli ya wa tatu. Huyo mchawi akiiona raundi ya tatu, yaani kila mtu ameshapata zamu mbili, ashukuru Mungu. Na kwa zamu moja anapiga speli moja ya maana, basi. Kwa hiyo tangu anatokea mlangoni mpaka anazikwa, atapiga speli mbili, akijaliwa tatu. Wewe umepewa 16 uzibebe kichwani.

Mambo yamekuwa hivyo kwa sababu sloti zilitungwa kwa ajili ya mchezaji. Mchezaji ni kama mama wa Bahi mwenye magunia mawili ya uwele mwezi wa nane huku mvua anaitegemea Desemba: kila debe linalotoka analipimia, na akikosea wanawe watalala njaa. Hesabu hiyo ndiyo utamu wa kucheza mchawi. Nitumie sloti yangu kubwa sasa hivi, au niitunze kwa vita ya jioni? Zimwi halina jioni. Ni mgeni wa usiku mmoja, na mgeni wa usiku mmoja hupewi kazi ya kumpimia akiba ya mwaka. Apakuliwe, ale, aondoke.

Mimi mwenyewe nililijua hili baada ya aibu. Mwaka wangu wa kwanza kuendesha meza, chumbani kwangu Nkuhungu, niliandaa mchawi wa mwisho wa mkasa wa miezi mitatu. Ramani nilichora, jina nilimpa, hata sauti ya kukwaruza nilifanyia mazoezi nikioga. Vita ikaanza, nikashika simu kusoma speli ya kwanza, na umeme ukakatika. Nikasoma kwa mwanga wa simu ileile, betri ikiwa asilimia kumi na kidogo. Hii inahitaji umakini au haihitaji? Wananusurika kwa wepesi au kwa nguvu? Mchezaji mmoja akatoka kwenda kununua chipsi mayai. Akarudi, akala, akamaliza, mimi bado nasoma aya ya pili. Mchawi wangu wa miezi mitatu alikufa raundi ya pili akiwa amerusha cheche ya moto mara moja na kuwasha taa. Nasema kweli, aliwasha taa. Ule mpira wake wa moto nilikuja kuukumbuka nikiwa napiga mswaki.

Tangu siku hiyo sijaleta mezani zimwi lenye speli kubwa zaidi ya tatu, na moja ndogo isiyotumia sloti. Kabla ya mchezo naandika kadi. Nanunua manila moja steshenari, nakata vipande vya ukubwa wa kiganja, na kila zimwi lenye speli linapata kipande chake kimoja. Speli isiyoenea kwenye kipande hicho haiingii vitani. Na siandiki jina la speli peke yake, naandika inachofanya, kwa namba, mpaka simu isihitajike kabisa. Kosa kubwa la kitabu cha 2014 lilikuwa hapo: kilitupa majina, tafsiri yake ikabaki kwenye kitabu kingine.

Nikuonyeshe kwa zimwi litakalokufaa wewe kwanza kuliko yule mchawi. Linaitwa Cult Fanatic, mimi namwita Mkereketwa. Ni saizi ya wachezaji wa daraja la 2 au la 3. Uhai 33, kinga 13 (dadu ya anayemshambulia lazima ifikishe namba hiyo ndipo pigo liingie), na kitabu kimempa speli 8 na sloti 7. Yumo kwenye zile kanuni za bure zilizowekwa chini ya leseni ya Creative Commons mwaka 2023, kwa hiyo huna haja ya kununua chochote ili kumpata. Kadi yangu ya Mkereketwa inasomeka hivi, neno kwa neno:

Uhai 33. Kinga 13. Namba ya kujinusuru: 11.
Zamu ya 1: Silaha ya roho inatokea hewani (kitendo cha ziada). Dadu ya 20 jumlisha 3, ikipiga, 5. Halafu mwali mtakatifu: mmoja ajinusuru kwa wepesi, akishindwa, 4.
Zamu ya 2: Amri, neno moja. Mmoja ajinusuru kwa hekima. Silaha inasogea miraba 4, inapiga tena.
Zamu ya 3: Mguso wa majeraha, lazima awe karibu. Dadu ya 20 jumlisha 3, ikipiga, 16. Silaha inapiga tena.
Zaidi ya hapo: kisu mara mbili, jumlisha 4, kila kimoja 4.

Basi, hiyo ndiyo kadi nzima. Kujinusuru ni mlengwa kurusha dadu ya 20 afikishe ile 11; kitendo cha ziada ni kile kidogo kinachoongezwa juu ya kitendo cha kawaida cha zamu; miraba ni ile ya kwenye ramani. Ona kwamba hakuna sloti hata moja. Mpangilio wa zamu ndiyo hesabu yenyewe. Ona pia kwamba madhara ni wastani, hakuna dadu za kujumlisha. Mguso wa majeraha kwa kanuni ni dadu tatu za pande kumi, wastani wake 16 na nusu, mimi naandika 16. Kama una dadu na unapenda kelele zake mezani, zirushe. Ila mpaka utakapozoea, namba moja iliyoandikwa itakuokoa.

Zamu hazijapangwa kwa bahati nasibu. Silaha ya roho inakwenda kwanza kwa sababu ikishatokea inaendelea kupiga kila zamu bila kumnyima kitendo chake cha kawaida, kwa hiyo ukiichelewesha unapoteza. Na imeandamana na mwali mtakatifu kwa makusudi: kwa kanuni za 2014, ukipiga speli kwa kitendo cha ziada, speli nyingine ya zamu hiyo lazima iwe zile ndogo zisizotumia sloti. Mwali ni ndogo, inaruhusiwa. Kanuni hiyo ndiyo inayowakwaza gemu masta wapya kila wiki. Ukishaipanga kwenye kadi nyumbani, hutaikumbuka tena wala hutahitaji kuikumbuka. Mguso mkali nauweka zamu ya tatu maana kwa daraja la 2 pointi 16 zinaweza kumlaza mtu chini, na nataka kabla ya hapo wachezaji wawe wameuona mkono wake ukianza kuwa mweusi. Waambie kabisa, mwisho wa zamu ya pili: "Vidole vyake vinageuka rangi ya masizi, ananyoosha mkono kwako." Mchezaji mwenye akili atarudi nyuma. Asiye na akili atapigwa, lakini hatalalamika.

Kilichoachwa nje: taa, sauti za kutisha, ngao ya imani, na ile ya kumgandisha mtu. Mbili za kwanza ni mapambo, zisimulie tu bila kuzihesabu, moshi ufuke, sauti ingurume. Ya kumgandisha nimeiacha kwa kinyongo cha muda mrefu. Mchezaji anashindwa kujinusuru, anaganda, na kama dadu zimemnunia anakaa raundi tatu anatazama wenzake. Katoka Nzuguni kwa bodaboda na nauli yake ili aje agande. Kuna siku utaijua meza yako vizuri uitumie, lakini siyo mwezi wa pili.

Ile Amri badala yake ni tamu, na kwa Kiswahili ina vituko ambavyo waliotunga kanuni hawakuviota. Kanuni inasema neno moja. Kwao neno moja ni njoo, kimbia, dondosha, sujudu, simama. Kwetu neno moja ni sentensi nzima. Mchezaji wangu mmoja, kuhani, alimwamrisha jambazi: "Mchome!" Akimaanisha bosi wake aliyesimama kando. Nikasema hiyo ni sentensi ina mtenda na mtendwa. Akasema hesabu mwenyewe, ni neno moja. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Siku nyingine zimwi langu lilimwambia mchezaji aliyeanguka chini, "Simama!" nikimaanisha atulie hapohapo. Akainuka, akashukuru. Tangu hapo sheria ya meza yangu ni hii: kitenzi cha amri bila kiambishi cha kutaja mtu mwingine, na "simama" haitumiki, tunasema "tulia". Wewe tunga yako, lakini itunge kabla ya mchezo.

Sasa umakini, yaani zile speli ambazo mpigaji lazima azishikilie la sivyo zinakatika. Wengi wanasahau kwamba zimwi linashikilia kitu, halafu linajeruhiwa mara nne na hakuna aliyerusha dadu. Dawa yangu ni kisoda. Kama umewahi kucheza drafti barazani unajua kisoda kina pande mbili na kila upande una maana yake. Weka kimoja juu ya kadi. Kikiwa kimefunika, hashikilii kitu. Kikiwa chali, anashikilia. Akipigwa na kisoda kiko chali, macho yako yanakiona na unarusha dadu ya kujinusuru kwa ustahimilivu: namba ni 10, au nusu ya madhara aliyopata, ile iliyo kubwa. Kwa hiyo pigo la 8 ni 10, pigo la 26 ni 13. Akishindwa, geuza kisoda. Kadi ya Mkereketwa haina speli ya kushikilia kwa kanuni za 2014, ndiyo sababu nyingine nimekuanzishia huyo. Kama mnatumia kanuni mpya za 2024, silaha ya roho imekuwa ya kushikilia, basi tafuta kisoda.

Ukimpata mchawi mwenyewe, yule wa uhai 40, kazi ni ileile ila kuna mitego zaidi. Kwanza, ile speli yake ya deraya usiipige vitani. Mchukulie ameshaipiga asubuhi alipoamka, andika kinga 15 badala ya 12, songa mbele. Pili, ana speli ya kuzima speli za wengine. Mtu anangoja zamu yake dakika kumi, anatangaza speli yake nzuri, na wewe unamwambia haijatokea. Sina uvumilivu nayo. Itoe, hakuna atakayeililia.

Tatu na muhimu: mpira wa moto. Ni dadu nane za pande sita, wastani 28, na waliojinusuru wanapata 14. Unafunika duara la miraba minne kila upande kutoka katikati. Wachawi wengi wa daraja la 3 hawafikishi uhai 25. Ukiwaletea huyu mchawi wakiwa daraja la 3 na ukafungua na mpira wa moto, kama kitabu kinavyokuruhusu, vita imekwisha kabla soda haijafunguliwa. Subiri daraja la 5 au la 6. Hapo zamu ya kwanza iwe mpira wa moto, wachezaji wakiwa bado wamekusanyika mlangoni na wasaidizi wake hawajachanganyika nao. Zamu ya pili, akiwa ameshafikiwa na mpiganaji, anajipoteza kwenye ukungu na kutokea miraba sita mbali kwa kitendo cha ziada, kisha anarusha cheche ya moto, jumlisha 6, madhara 11. Zamu ya tatu, kama bado anapumua, upepo wa barafu: miraba 12 mbele yake kwa umbo la pembe, ustahimilivu dhidi ya 14, madhara 36 au nusu. Tatu hizo na ile cheche ndogo, kwenye kadi moja. Nyingine 12 zimepumzika.

Kuna watu wanaona mpangilio wa zamu unafanya zimwi liwe kama roboti. Wana haki kidogo. Ukishazoea, achana na zamu, tumia dadu: speli kubwa ikishapigwa, kila mwanzo wa zamu ya zimwi rusha dadu ya pande sita, ikiangukia 5 au 6 imerudi. Ni theluthi moja ya bahati. Joka linatema moto wake kwa kanuni hiyohiyo, sikuibuni mimi. Wachezaji wanakuona ukirusha ile dadu na chumba kizima kinanyamaza.

Kama bado moyo unakusuta kuhusu udanganyifu, tazama watengenezaji wenyewe. Toleo la nne, 2008, mazimwi hayakuwa na orodha hizi. Kila uwezo uliandikwa palepale kwenye ukurasa wake. Toleo la tano la 2014 likazirudisha orodha pamoja na sloti. Watu wakalia miaka, na mwaka 2022 kitabu chao cha mazimwi kikaziacha sloti: hii mara zote, hii mara mbili kwa siku, hii mara moja. Kitabu kikuu kipya cha mazimwi cha 2025 kimefuata njia hiyo. Yaani kampuni imetumia zaidi ya miaka saba kufika karibu na pale ambapo manila na kalamu vingekufikisha Jumamosi moja.

Vijidogo viwili. Vita moja, mpiga speli mmoja. Ukiweka wawili, wa pili apewe speli moja tu, anayoirudia kama fundi mwenye nyundo moja. Na hili neno "speli" ninalolitumia, wengine wameniuliza kwa nini nisiseme uchawi. Nilikuwa nasema. Usiku mmoja dirisha liko wazi kwa joto, nikatamka kwa ile sauti yangu ya kukwaruza, "Nimewaroga wote mliomo pangoni, hakuna atakayetoka." Mama mwenye nyumba alikuwa anaanua nguo nje. Asubuhi aliniita tukazungumza, kwa upole kabisa, na nilimwonyesha dadu, ramani na kadi moja baada ya nyingine. Alielewa, ila akaniomba nibadilishe maneno. Kwa mtaa wetu ambako neno hilo limeshawaumiza wazee wa watu, niliona ana hoja.

Umebakiza wasiwasi mmoja ambao hukuuandika lakini nausikia: je, wachezaji wakigundua mchawi alikuwa na speli hizo chache tu? Hawatagundua. Wao wanaona zilizopigwa, hawaoni orodha. Isipokuwa mahali pamoja. Wakishamuua watampekua, na kama kati yao kuna anayecheza mchawi, swali lake la kwanza litakuwa kitabu cha speli cha marehemu. Hapo usibane. Zile ulizozitoa kwenye kadi, ile ya kuzima speli za wenzake ikiwemo, ziandike zote humo, ukurasa kwa ukurasa, na mwandiko mbaya na madoa ya zabibu. Kuzisoma moja moja sasa ni kazi yake, na ana wiki nzima mpaka mkutane tena.